Mizani, Maji na Mafuta: Kwa Nini Uzito Husimama Baada ya Upasuaji wa Unene

Msimu wa pamba unapofika wilayani Nzega, mkulima hufunga furushi lake na kulipeleka kwenye ghala la chama cha msingi. Hapo karani hulitundika kwenye mizani na kusoma kilo. Kila aliyepata kusimama katika foleni hiyo anajua jambo moja ambalo haliandikwi katika daftari la karani, nalo ni kwamba mizani haina macho. Haiwezi kutenga nyuzi na umande, wala mbegu na mchanga. Ndiyo sababu mnunuzi mwangalifu hutia mkono ndani ya furushi kabla ya kuikubali tarakimu, maana wapo waliokwisha kunaswa na pamba iliyonyunyiziwa maji. (Wanunuzi nao wana hila zao juu ya mizani, lakini hayo si ya makala haya.)

Mwili wa binadamu tunaupima kwa chombo hicho hicho kisicho na macho. Tarakimu tunayoisoma ni jumla ya mifupa, misuli, mafuta, damu, chakula kilichomo tumboni, na maji, ambayo aghalabu ni zaidi ya nusu ya uzito wote wa mtu mzima asiye mnene sana. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida jambo hili halina madhara. Lakini kuna kundi moja la watu ambalo kutoelewa jambo hili kwaweza kuliletea ugonjwa mkubwa, nao ni wale waliopasuliwa tumbo ili kupunguza unene.

Upasuaji huo si mpya duniani. Mwaka 1966 madaktari Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walianza kutengeneza kifuko kidogo katika sehemu ya juu ya tumbo la chakula na kukiunganisha na utumbo mwembamba, hivyo chakula kikapita njia ya mkato. Njia nyingine, ambayo leo inatumika sana, ni kukata na kuondoa kabisa sehemu kubwa ya tumbo, yapata robo tatu au zaidi, na kubakiza mrija mwembamba mfano wa ndizi. Hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, iliingia katika tiba hizi, ikianza na puto linalowekwa ndani ya tumbo bila kupasua. Haja ipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi; ule wa 2015–16 ukakuta 28. Unene huu si wa Dar es Salaam peke yake. Mji kama Nzega, uliokaa kwenye makutano ya barabara za Tabora, Singida na Shinyanga, una madereva wanaokaa kitako mchana kutwa na wafanyabiashara wasiotembea tena kwa miguu, na una chipsi na soda kama miji mingine.

Basi tuchukue mfano, na huu ni mfano wa hesabu tu, si habari za mtu fulani. Mama mwenye kilo 120 amepasuliwa Dar es Salaam, akarudi kwake Nzega, umbali wa kilomita zipatazo 900. Wiki mbili za kwanza anaona maajabu, kwani mizani inaonyesha amepungua kilo 7. Wiki ya tatu anapanda tena juu ya mizani na kukuta kilo 113, zile zile za wiki iliyopita. Wiki ya nne bado ni 113. Anakula vijiko vichache tu kwa siku, na bado uzito hauondoki. Anajiuliza kama upasuaji umeharibika, au kama yeye ndiye mwenye kosa.

Tufanye hesabu. Mwili wa mtu wa uzito huo hutumia, tuseme, kilokalori 2,200 kwa siku. Mgonjwa katika siku hizo za mwanzo hula kilokalori zipatazo 600. Pengo ni 1,600 kwa siku, au 11,200 kwa wiki, na lazima lizibwe kutoka katika akiba ya mwili. Kilo moja ya akiba ya mafuta ina kilokalori zipatazo 7,700. Kwa hiyo mafuta yanayoweza kuondoka kwa wiki ni kilo moja na nusu kasoro kidogo. Katika wiki mbili ni kilo 3 hivi, wala haiwezekani yakawa kilo 7, hata mtu akifunga kula kabisa. Zile kilo 4 nyingine zilizomfurahisha mama yetu hazikuwa mafuta. Sehemu kubwa yake ilikuwa maji.

Maji hayo yalitoka wapi? Mwili una akiba mbili za nishati. Ile kubwa ni mafuta. Ile ndogo ni aina ya wanga iitwayo glikojeni, iliyohifadhiwa ndani ya ini na misuli. Glikojeni ya mtu mzima ni kiasi cha gramu 500 hivi, lakini haikai kavu: kila gramu moja hushikamana na gramu zipatazo tatu za maji. Chakula kinapokatika ghafula, mwili huanza kwa kutumia akiba hii iliyo karibu, na inapokwisha maji yake hutoka kwa njia ya mkojo. Hizo tayari ni kilo 2. Tena, kula kidogo hushusha homoni ya insulini, na insulini ikishuka figo huachia chumvi, nayo chumvi huondoka pamoja na maji. Ongeza dripu alizowekewa mgonjwa hospitalini, ambazo mwili huzitoa baada ya siku chache, na utumbo ambao sasa hauna mzigo wa kawaida. Kina mama wa Unyamwezi wanaokata viazi vitamu na kuvianika juani kuwa michembe wameliona jambo hili kwa macho yao: kikapu kilichokuwa kizito asubuhi ya kwanza huwa chepesi baada ya siku chache, ilhali chakula chenyewe kimo mle mle.

Lakini michembe haijinyweshi maji tena yenyewe. Mwili hujinywesha. Baada ya wiki mbili au tatu, mgonjwa anapoanza kula vyakula vilivyopondwa na kutembea kidogo, misuli na ini hurudishia sehemu ya glikojeni, na maji yake hurudi nayo. Homoni zinazoshikilia chumvi huzidi nguvu, kwani mwili umehisi upungufu na unajihami. Na kidonda kinachopona nacho hushika maji. Sasa rudi kwenye hesabu yetu: katika wiki ya tatu mafuta ya kilo moja na nusu yameondoka kama kawaida, na maji ya kilo moja na nusu yamerudi. Mizani inatangaza kwamba hapana kilichotokea. Kwa wanawake wanaopata hedhi, mabadiliko ya maji ya kila mwezi yaweza kuongeza siku kadhaa za kusimama. Kusimama huku aghalabu hudumu wiki moja hadi tatu, kisha uzito hushuka tena, pengine kwa mpigo.

Lipo jambo jingine la kushangaza zaidi, nalo ni kwamba mizani humsifu mtu anapopoteza kitu kizuri. Misuli ni maji kwa sehemu kubwa, na nishati iliyomo ndani ya kilo moja ya misuli ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kilo moja ya mafuta. Kwa hiyo ili kuziba pengo lile lile la nishati, mwili unaokula misuli yake hupoteza kilo nyingi zaidi kuliko unaokula mafuta. Mtu anayepungua kwa kasi kubwa mno huenda anachoma nguzo za nyumba na kuziacha kuni uani.

Wanasayansi walijifunza mengi juu ya hali hii katika jaribio maarufu la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, la miaka 1944 na 1945. Profesa Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliojitolea, akawalisha nusu njaa kwa wiki 24 ili kujua namna ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Walipoteza kiasi cha robo ya uzito wao. Lakini mshuko huo haukuwa sawa wakati wote. Ulikuwa wa kasi mwanzoni, ukapungua, mwishowe ukakaribia kusimama ingawa chakula kilibaki kidogo. Mwili wa vijana hao ulikuwa umejifunza kubana matumizi; nishati waliyoitumia wakiwa wamelala tu ilishuka kwa karibu asilimia 40. Na wengi wao walivimba miguu kwa maji, hivyo kukonda kwao halisi kulikuwa kukubwa kuliko mizani ilivyosema.

Kubana huku kwa matumizi ndiko kunakoeleza kusimama kwa namna ya pili, kule kunakokuja mwaka mmoja au mwaka na nusu baada ya upasuaji. Huko si kwa maji. Njia zilizopita katika nchi hii ya Unyamwezi zamani zilijaa wapagazi waliochukua pembe za ndovu na nguo kati ya Tabora na pwani, mzigo wa mmoja ukifikia hata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, ambacho kwa hesabu ya leo chaweza kutoa kilokalori zipatazo 2,300. Mpagazi aliyetua mzigo kambini na kutembea mikono mitupu hakuhitaji nguvu ile ile kwa kila hatua. Vivyo hivyo, mtu aliyepungua kilo 32 ametua frasila mbili alizokuwa akizibeba usiku na mchana, hata usingizini. Mwili mdogo hutumia kidogo, na siku inafika ambapo matumizi na chakula vinalingana. Hapo uzito hukaa. Utafiti mkubwa wa Sweden, ulioanza mwaka 1987 na kuwafuata watu 2,010 waliopasuliwa, ulionyesha kwamba baada ya miaka 2 uzito wao ulikuwa chini kwa wastani wa asilimia 23. Baada ya miaka 10 ulikuwa chini kwa asilimia 17, na baada ya miaka 20 kwa asilimia 18. Ikiwa uzito umesimama mapema zaidi ya hapo na haukusogea kwa miezi, basi yafaa kutazama vinavyonywewa. Tumbo dogo huzuia ugali, lakini halizuii soda, juisi wala asali, hata ile nzuri ya misitu ya Tabora, ambayo hupita kama maji mferejini na kuleta nishati yake yote. Kwa aliyetengenezewa njia ya mkato, sukari ya namna hiyo yaweza pia kumletea kizunguzungu, jasho na moyo kwenda mbio.

Turudi kwa mama yetu wa wiki ya tatu, maana ndiye aliye hatarini. Majirani wamekwisha kumwona. Wengine wanamwambia, "Mama, mbona umekwisha hivyo, waumwa nini?" kwa kuwa kwetu mtu akikonda ghafula hudhaniwa ana maradhi ambayo hayatajwi kwa sauti. Wengine, waliojua gharama aliyolipa, wanamtazama na kusema mbona bado mnene. Katikati ya kauli hizo mbili anapanda mizani kila asubuhi, na mizani haisemi neno. Kishawishi cha kwanza ni kupunguza tena hata vile vijiko vichache. Cha pili ni kutokunywa maji, kwa kuwa amesikia kwamba maji ndiyo yanayomzuia. Cha tatu ni vile vifurushi vya majani na vidonge vinavyouzwa sokoni kwa jina la kukata unene, ambavyo vingi ni dawa za kuharisha au za kukojoza. Vyote vitatu vitasogeza mizani, ndiyo, kwa sababu vinakamua maji. Ni sawa na kukausha pamba ambayo tayari ni kavu.

Analotakiwa kulifanya ni kinyume chake, nalo halina miujiza. Anywe maji kidogo kidogo, kwa mafunda, mpaka yafike lita moja na nusu au zaidi kwa siku. Katika chakula kidogo anachoweza kula, protini itangulie, kwa maana ndiyo inayolinda misuli. Wataalamu hutaja gramu 60 hadi 80 kwa siku, ambazo hufikiwa polepole. Yai moja lina gramu 6 hivi, na bilauri ya maziwa ina 8. Dagaa wakavu waliosagwa wakawa unga na kutiwa katika mchuzi ni hazina isiyopewa heshima inayostahili, na maharage yaliyopondwa vizuri yana mahali pake. Ugali na viazi vifuate nyuma. Atembee kila siku kadiri ya ruhusa ya daktari. Na vidonge vya vitamini alivyopewa asiviache kwa kuwa anajisikia vyema.

Kuhusu kupima, mara moja kwa wiki inatosha, siku ile ile, asubuhi baada ya kwenda haja, kwa mizani ile ile iliyowekwa juu ya sakafu iliyo sawa. Mizani ya duka la dawa na ya zahanati zaweza kutofautiana kwa kilo nzima. Afadhali zaidi ni utepe wa fundi cherehani kuzungushwa kiunoni na kuandika sentimita, kwani katika wiki ambazo uzito umesimama kiuno mara nyingi huendelea kupungua. Kila mama wa Tanzania ameona kadi ya kliniki ya mtoto, yenye nukta zilizounganishwa kwa mstari. Muuguzi hamhukumu mtoto kwa nukta ya mwezi mmoja. Hutazama mstari unaelekea wapi. Mgonjwa wa upasuaji huu ajichoree kadi ya namna hiyo katika daftari, ila mstari wake utashuka badala ya kupanda.

Sasa lile lililo zito kuliko yote. Mwili huweka akiba ya mafuta ya miezi mingi, lakini akiba yake ya vitamini B1, iitwayo thayamini, ni ya wiki mbili au tatu tu. Tazama sadfa hii mbaya: akiba hiyo inakaribia kwisha katika wiki zile zile ambazo mizani inasimama. Mgonjwa anayeitikia kusimama kwa uzito kwa kujinyima chakula, au anayetapika kila siku na kuona kwamba heri apungue, anakata ugavi wakati ghala limebaki tupu. Madhara yake yalianza kueleweka mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1881 daktari Carl Wernicke wa Ujerumani alieleza ugonjwa wa ubongo unaompooza mtu macho, kumyumbisha miguu na kumchanganya akili. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa mwanamke aliyetapika kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1890 Christiaan Eijkman, huko Java, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa wakidhoofika miguu, na waliolishwa mchele wenye pumba zake wakipona. Nzega inalima mpunga mwingi, nasi tunapenda mchele mweupe. Ikumbukwe tu kwamba uji wa mchele huo, ukinywewa peke yake kwa wiki nzima na mtu aliyepasuliwa tumbo, humpa nishati kidogo na thayamini karibu hakuna.

Dalili za hatari ni hizi: kutapika kunakorudi kila siku, kushindwa kunywa hata maji, kuona vitu viwili viwili, macho kuchezacheza, kuyumba wakati wa kutembea, ganzi miguuni, kusahau na kuchanganyikiwa. Yeyote mwenye dalili hizi asingoje siku ya miadi Dar es Salaam, bali apelekwe mara moja katika hospitali iliyo karibu. Na hapa neno liwaendee pia waganga wenzetu wa wilayani, ambao huenda hawajapata kumwona mgonjwa wa namna hii. Mtu anayetapika na kuishiwa nguvu tumezoea kumtundikia dripu ya glukosi. Kwa mgonjwa huyu glukosi peke yake yaweza kummalizia ile thayamini ndogo iliyobaki na kumharibu ubongo katika muda wa saa chache. Apewe thayamini kwa sindano kwanza, ndipo glukosi. Na ikiwa sukari ya damu imeshuka mno, vyote viwili vitolewe pamoja bila kukawia. Aulizwe pia juu ya dawa za kisukari na za shinikizo la damu, kwani vipimo vyake vya zamani vyaweza kuwa vikubwa mno kwake sasa.

Mganga hawezi kuyafanya haya asipojua alichofanyiwa mgonjwa, na kovu la upasuaji wa siku hizi ni vidoa vichache tu vya ukubwa wa kifungo cha shati. Kwa hiyo kabla ya kupanda basi la kurudi Nzega, mgonjwa adai barua yenye jina la upasuaji aliofanyiwa, tarehe, dawa anazotumia na namba ya simu ya daktari wake. Aiweke pamoja na kitambulisho, wala asiiache sandukuni nyumbani, na mtu mmoja wa familia ajue ilipo.